Mkonge wa Tanga ulienda wapi, na mbona sasa unarudi?

MUULIZE BIBI SHAMBA

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mi ni msomaji wako nipo Mbagala, ila asili yetu ni Muheza. Juzi nilienda kumzika mjomba, basi kuanzia Segera nikawa naangalia dirishani, naona mkonge kidogo, halafu mahindi, halafu pori, halafu michungwa, halafu mkonge tena mdogomdogo wa kupandwa juzijuzi. Marehemu babu alikuwa anatuambia zamani huko kote ni mkonge mtupu mpaka macho yanachoka. Ulienda wapi? Na kwa nini unarudi? Nauliza kwa sababu tumeachiwa ekari 6 za michungwa iliyozeeka, ndugu wengine wanataka ing'olewe tupande mkonge, wengine wanasema mahindi, na kikao bado hakijaisha.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Babu yenu hakuongeza chumvi. Mi mwenyewe nimezaliwa kambi ya mkonge, babu yangu alitoka Kigoma kuja kukata, hao ndo waliitwa manamba maana kila mtu alikuwa na namba yake, na kipande chake alikitunza kwenye kopo la chai mpaka anakufa. Kile kipande kilikuwa karatasi ya vyumba 30, chumba kimoja siku moja ya kazi, usipomaliza idadi yako ya miganda siku hiyo chumba hakijazwi, na mganda mmoja ni majani 30 yaliyofungwa. Sasa hesabu mwenyewe, na kila jani lina mwiba mbele na utomvu unaowasha mikono.

Ila hata mkonge wenyewe ni mgeni pale. Kabla yake Wabondei na Wazigua walilima mtama, mahindi, mpunga kwenye mabonde, na kule Pangani kulikuwa na mashamba makubwa ya miwa ya Waarabu yaliyolimwa na watumwa. Wajerumani walipoingia walijaribu kahawa huko juu Usambara Mashariki, ikawashinda, ndo mtaalamu wao mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893 akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ikawa 62 tu. Sitini na mbili! Ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mwaka huohuo ndo reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, mwaka 1902 ikawa imeshafika Korogwe, kwa hiyo ukitazama ramani ya zamani utaona mashamba yamejipanga kuifuata reli. Ardhi nzuri ya tambarare ikaenda hivyo, wenyeji wakabaki pembezoni.

Baadaye Waingereza wakaendeleza palepale. Vita vya pili vya dunia Wajapani wakachukua Ufilipino na Java zilikokuwa zinatoka kamba, basi mkonge wa Tanganyika ukawa dhahabu, watu wakakamatwa kwa lazima kwenda kukata, na vita vya Korea bei ikapaa tena. Mwaka 1964 tulizalisha tani kama 230,000 hivi na tukawa namba moja duniani. Huo ndo mkonge aliouona babu yako.

Sasa ulienda wapi. Watu wengi wanasema Azimio la Arusha ndo liliua mkonge, na ni kweli mwaka 1967 serikali ilichukua mashamba mengi na uendeshaji haukuwa mzuri, hilo silifichi, lakini bei ilikuwa imeshaanza kuporomoka kabla ya hapo kwa sababu wazungu walipata kamba za nailoni na plastiki za kufungia nyasi za mifugo wao, na hiyo ndo ilikuwa kazi kubwa ya singa zetu, yaani nyuzi za mkonge. Mi nadhani nailoni ndo iliyotuumiza zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 90 tukawa chini ya tani 30,000. Korona zikasimama (yale mashine ya kuchakata majani, siyo ugonjwa), vyuma vikauzwa, mashamba yakaota vichaka. Waliokuwa wafanyakazi hawakuwa na kwao pa kurudi, babu yangu Kigoma angekwenda kwa nani, basi wakaanza kulima mahindi na mihogo katikati ya mistari ya mkonge uliozeeka, polepole shamba la kampuni likawa shamba la chakula, na upande wa Muheza watu wakaongeza michungwa. Hakuna aliyekaa ofisini akapanga hivyo, ni njaa ndo ilipanga. Na ndo maana leo mwekezaji akija na hati yake anakuta watu wana makaburi ya wazazi wao humo ndani, na inaniuma kila nikisikia wanaitwa wavamizi.

Unarudi kwa sababu dunia imeanza kuchoka plastiki, singa zinatakiwa kwa kamba, mazulia, hadi kuchanganya kwenye vifaa vya ujenzi, na serikali imesukuma sana, lengo lilikuwa tani 120,000 ifikapo 2025 na bado tupo mbali nalo. Tofauti ya safari hii ni kwamba mkulima mdogo naye yumo, anapanda lake na kuuza kupitia chama cha ushirika, siyo manamba tena.

Haya, ekari zenu 6. Kabla hamjang'oa mchungwa hata mmoja, mmoja wenu apande bodaboda aende akaulize korona iliyo karibu iko wapi, inafanya kazi, na foleni yake ikoje. Jani likishakatwa linatakiwa lichakatwe ndani ya siku mbili hivi, likikaukia shambani singa zinaharibika, na kwenye kilo 100 za majani singa ni kama kilo 4 tu, zingine ni maji na makapi, kwa hiyo kulibeba mbali ni kulipia usafiri wa maji. Nimeona mkulima analia mbele ya rundo la majani yamegeuka kahawia, korona ilikuwa imeharibika wiki ya tatu.

Kama korona ipo, basi pandeni ekari 3 kwanza, siyo zote. Tafuteni miche ya mkonge chotara unaoitwa 11648, uliotokana na kituo cha utafiti cha Mlingano, hapo hapo kwenu, inatoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa zamani. Safu mbilimbili, mita 1 kati ya safu na safu, mita 4 za njia, mche na mche sentimita 80, ekari inakula miche kama 2,000. Zile mita 4 msiziache wazi, miaka miwili ya mwanzo pandeni kunde au choroko, maana mkonge unakaa kama miaka 3 kabla hujakata na watu lazima wale. Mahindi yapelekeni kwenye ekari zilizobaki, kule kwenye njia yataufunika mkonge ukiwa mdogo. Na muulize habari ya chokaa ya shamba, mkonge unaila sana kwenye udongo, mashamba mengi ya zamani yalichoka kwa hilo.

Michungwa yenye matunda bado iacheni. Halafu kikao kijacho mkitoka kwenye korona, niandikie mlikuta nini.