Kwa Wanaoanza Kusoma Historia ya Viongozi wa Wafanyakazi wa Wales

Mwanafunzi anayeingia katika somo hili kwa kawaida humwanzia Aneurin Bevan, na simlaumu, kwa kuwa mtoto wa mchimba makaa wa Tredegar aliyeingia mgodini akiwa na miaka 13, akaja kuwa Waziri wa Afya aliyezindua huduma ya taifa ya matibabu tarehe 5 Julai 1948, si mtu wa kupita bila kutazamwa. Hata hivyo ninashauri umweke kando kwa muda, uanze na tawi la chama cha wafanyakazi katika mgodi mmoja, na uulize nani walilipa ada, fedha zilitumikaje, na wanachama walimchagua nani kwa kazi ipi.

Chukua kazi ya mhakiki wa mizani. Mchimbaji alilipwa kwa uzito wa makaa aliyoyatoa, ilhali mizani ilikuwa mali ya mwajiri. Kwa hiyo sheria iliwaruhusu wachimbaji kumchagua mwenzao, wakimlipa kwa fedha zao wenyewe, ili asimame juu ya mgodi na kuhakiki kila mzigo unapopimwa. Mtu huyo alipaswa kujua hesabu na kutohongeka, na kwa kuwa hakula mshahara wa kampuni, aliweza kuyasema ambayo mwenzake aliyeko chini asingethubutu. Noah Ablett aliishika kazi hiyo Maerdy, katika bonde la Rhondda, na Arthur Horner akachaguliwa huko huko mwaka 1919, kabla ya kuwa rais wa Shirikisho la Wachimba Makaa wa Wales Kusini mwaka 1936 na katibu mkuu wa chama cha wachimbaji wa Uingereza nzima mwaka 1946. Wasifu nyingi husifu ndimi zao. Mimi ningeanza na daftari la uzito.

Bevan naye husomeka vizuri zaidi kwa njia hiyo. Kabla hajawa waziri, wafanyakazi wa Tredegar walikuwa wakichangia peni tatu katika kila pauni ya mshahara kwa chama chao cha msaada wa matibabu, nao pamoja na familia zao wakapata daktari, dawa na hospitali, kwa mtindo unaofanana na ule wa huduma aliyoizindua baadaye.

Msiwafanye viongozi hawa kundi moja. Mabon, yaani William Abraham, mbunge wa Rhondda tangu 1885 na rais wa kwanza wa Shirikisho mwaka 1898, aliamini maelewano na wenye migodi, hata mshahara kupanda na kushuka kwa kufuata bei ya makaa. Ablett na wenzake, katika kijitabu kilichotolewa Tonypandy mwaka 1912, waliukataa mwenendo huo waziwazi. Jueni pia kwamba tawi lilikuwa la wanaume: ombi la mabafu migodini, ili wake wasiendelee kuumia kwa kubeba na kuchemsha maji, mtalikuta katika ushahidi ambao Elizabeth Andrews aliutoa mbele ya Tume ya Sankey, tume ya serikali iliyochunguza sekta ya makaa, mwaka 1919.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ningependekeza James Griffiths, mchimbaji aliyekuwa rais wa Shirikisho hilo kuanzia 1934 hadi 1936. Mwezi Mei 1951 alifika Kenya akiwa Waziri wa Makoloni, na chama cha KAU (Kenya African Union) kikamkabidhi madai yaliyojumuisha viti 12 vya Waafrika watakaochaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Alichokubali kilikuwa mbali sana na hicho, na wawakilishi wa Waafrika waliendelea kuteuliwa. Watetezi wake hutaja wingi mdogo wa chama chake cha Labour bungeni baada ya uchaguzi wa 1950, hoja ambayo kwangu haitoshi, maana mtu huyu alilelewa na chama cha wachimbaji ambacho hata mhakiki wa mizani alipigiwa kura na wale aliowawakilisha.