Maswali yenu ya kulipia paking kwa simu hapa Tanga

Wiki hii maswali karibu yote ni ya paking za mjini, na nawaelewa kabisa, maana wengi wetu tulizoea kumpa mtu hela mkononi tukaondoka zetu, sasa unatoka sokoni unakuta kikaratasi kwenye waipa kina namba ndefu hujui uanzie wapi. Twende moja moja.

Nimekuta kikaratasi kwenye kioo kina namba inaanza na 99, naifanyia nini? (Dada wa Chumbageni)

Hiyo ndio kontroo namba dada yangu, yaani namba ya malipo ya serikali, ina tarakimu 12 na ndio unayoilipia. Ingia kwenye menyu ya pesa ya mtandao wako, M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#, tafuta sehemu ya kulipia halafu malipo ya serikali, andika namba taratibu, kiasi kile kile kilichoandikwa, namba yako ya siri, basi. Huhitaji bando wala simu kubwa, kiswaswadu kinatosha kabisa. Meseji ya malipo usiifute.

Mimi gari yangu ililala nyumbani siku nzima lakini naambiwa nilipaki Barabara ya Uhuru. Nilipe tu yaishe? (Dereva wa Noah, Makorora)

Hapana kaka, usilipe deni ambalo sio lako, na usilinyamazie pia, hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Elewa kwanza inavyokwenda: mtoza ushuru wa paking anayezunguka barabarani hakuandiki wewe, anaandika namba za gari kwenye kimashine chake, kwa hiyo akisoma 3 akaona ni 8, au E akaona F, deni linaangukia kwa mtu ambaye hata hakutoka ndani. Nenda ofisi inayotoza na kadi ya gari, waombe wakuonyeshe picha kama ilipigwa, tarehe na saa, halafu linganisha mwenyewe, angalia na rangi ya gari na aina yake, maana namba zinaweza kufanana lakini Noah nyeupe haigeuki kuwa Vitz nyekundu. Kama una ushahidi kwamba ulikuwa kwingine, risiti ya mafuta au ya gereji, beba. Nasema nenda mapema kwa sababu deni likikaa linaweza kuongezewa faini, na hapo unakuja kubishana vitu viwili badala ya kimoja. Na ukishasikilizwa usiondoke na maneno ya mdomo, subiri uone deni limetoka kwenye mfumo. Mimi naamini kabisa anayetoza kwa mashine ana wajibu wa kurekebisha haraka kama anavyotoza haraka, mwananchi asizungushwe njoo kesho njoo kesho.

Nataka kununua gari ya mkononi hapa Ngamiani, deni la paking linanihusu? (Kijana, Duga)

Linakuhusu sana mdogo wangu! Deni limekaa kwenye namba za gari, halijakaa kwenye jina la aliyekuwa anaendesha, kwa hiyo ukinunua bila kuangalia unaweza ukanunua na madeni ya mwenzio. TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, walipoanza mfumo wao wa kielektroniki mwaka 2021, unaitwa TeRMIS, moja ya vitu vizuri ni kwamba mtu anaweza kuangalia deni kwa kuingiza namba za gari tu, na ipo pia menyu ya huduma za serikali ya *152*00#. Muuzaji alipe mbele yako kabla hujatoa hata shilingi, na meseji ya malipo akurushie. Akianza kusema "utalipia mwenyewe hiyo ni ndogo", basi ipunguze kwenye bei mkiwa mmeandikishana.

Kuna jamaa aliniambia nimpe keshi yeye atanilipia. Na kuna meseji imekuja eti nitume hela kwa namba fulani. (Mama muuza vitenge)

Mama usimpe. Malipo halali yana kontroo namba na yanaacha meseji, pesa ya mkononi haiachi kitu na deni lako litabaki pale pale. Hiyo meseji ya kutuma hela kwa namba ya mtu binafsi ni wizi, namba iliyokutumia ipeleke 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Naweza kumlipia baba nikiwa Muheza? (Mtoto wa mzee wa Raskazone)

Ndio. Akusomee namba tu, simu yoyote inalipa, hata wakala pale dukani. Na mpelekee shikamoo yangu.

Haya mambo ya kulipia paking kwa simu tumeyaanza sisi Watanzania? (Mwanafunzi)

Hapana, ila tuliyapokea vizuri. Mita ya kwanza ya paking ya kutumbukiza sarafu iliwekwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1935, na Estonia walikuwa wanalipia paking kwa simu tangu mwaka 2000. Sisi M-Pesa ilifika Tanzania 2008, watu wakazoea kutumiana pesa kwanza, bili zikaja baadaye, kwa hiyo mfumo wa serikali wa kontroo namba ulipokuja tayari hata bibi yangu alikuwa anajua namba ya siri ni nini. Kazi iliyobaki ni kwa wanaotoza, waweke vibao vinavyosomeka, bei ya saa na ya siku iandikwe wazi pale pale mtu anapozima gari.