Chupa za maji za watoto: angalia kifuniko kwanza

Dada mmoja wa Dodoma kaniandikia juzi usiku, ana watoto watatu, shule zinakaribia kufunguliwa, anauliza achukue chupa gani za maji ambazo akinunua kanunua, aachane na haya makopo ya maji ya dukani. Nikaanza kumjibu kwa kifupi nikajikuta naandika mpaka saa sita, kwahiyo bora niwawekee wote hapa maana najua wengi tunataka hichohicho, nyumba isijae makopo na hela isipotee.

Mimi haya yalinianza 2019, ule mwezi wa sita mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Nikajiuliza, mifuko imeondoka, haya makopo je? Naishi Dar, upande wa bonde la Msimbazi, mvua ikinyesha mtaro wetu unaziba makopo matupu, na wanangu walikuwa wanachangia matatu kila siku, 500 kila moja, siku 22 za shule ni 33,000 kwa mwezi. Maji tu hayo.

Basi nikaenda Kariakoo nina furaha zangu, nikachukua chupa tatu zina katuni, zina mrija, kifuniko cha kubonyeza. Wiki ya pili wa kati karudi begi limelowa chapachapa, daftari la hisabati kurasa zimegandana, wino umechuruzika mpaka jina lake halisomeki, na mwalimu kaandika kwa peni nyekundu "mzazi awe makini". Nikavumilia. Baada ya miezi kadhaa mdogo akawa anakataa kunywa, anasema maji yananuka. Nikachomoa ule mpira wa kwenye kifuniko kwa ncha ya kisu, chini yake ukungu mweusi unateleza, kwenye mrija hivohivo. Mwanangu alikuwa anayanywa hayo, na mimi kila jioni nasuuza chupa nikijua nimeosha. Nililia jamani. Wifi yangu alikuwepo, akasema mbele ya watu "si uwanunulie ya dukani kama wenzio, mazingira utayaweza wewe?" Ile kauli iliniuma, na bado inauma.

Sasa mama mwenzangu, ukifika dukani achana na rangi, shika kifuniko. Fungua, angalia kama mpira unachomoka na kurudi kirahisi. Mdomo uwe mpana mkono au brashi iingie. Mrija sikushauri kabisa. Kisha jaza maji, igeuze kichwa chini, itikise hapohapo dukani, muuzaji akikasirika nenda duka la pili.

Ukichukua ya stili tafuta iliyoandikwa 304 au 18/8, hiyo ni kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ndo inayostahimili kutu, ila maandishi mtu yeyote anaweza kugonga kwahiyo angalia na ndani, pua yako pia itumie. Kama hela haitoshi, plastiki ngumu yenye namba 5 kwenye pembetatu ya chini inafaa tu. Zile nyepesi za maji ya dukani ni namba 1, hazikutengenezwa kujazwa kila siku. Na usinunue sita eti za kubadilisha, stili inakula nishati nyingi kutengenezwa kuliko kopo la plastiki, faida kwa mazingira inakuja ukiitumia miaka. Moja kwa kila mtoto, mpe achague mwenyewe, andika jina.

Kuosha ni kila siku, na mpira uchomolewe, narudia, mpira uchomolewe! Jumamosi natia siki kidogo na kijiko cha mchele mbichi, natikisa kwa nguvu, uchafu wa chini unatoka wote. Usiku zinalala wazi, kifuniko pembeni. Juisi na maziwa hapana.

Wa kwanza saivi yuko form two, chupa yake ni ileile niliyomnunulia 2020 baada ya yale machozi, imebonyea ubavuni, rangi imebanduka yote, haivuji hata tone. Mwezi jana wifi kaniuliza nilinunua duka gani. Nikampeleka mwenyewe, tukaijaza maji tukaitikisa pale mlangoni.