Mizani imegoma na mtoto bado ananyonya

Mleta mada, umesema una miezi mitano tangu ujifungue, umeacha ugali, wali na chapati wiki ya sita sasa, wiki ya kwanza ukashuka kilo 3, halafu mizani ikagoma. Unauliza ukate wanga wote au ununue chai ya sanamaki. Mdogo wangu, hapo ulipo nimeshapita, tena vibaya.

Arobaini ya mtoto wangu wa pili iliisha nikiwa na kilo 83. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kunitunza: mtori asubuhi, uji wa ulezi saa nne, wali wa nazi mchana, na ole wako ubakize. Alipopanda tu basi kurudi, siku hiyohiyo nikafuta wanga wote. Mayai, nyama, mchicha, basi. Siku kumi, kilo 4 zikaondoka. Nikajiona bingwa, nikawa nawapa ushauri majirani.

Kumbe yale yalikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo inashikana na karibu gramu 3 za maji. Ukikata wanga, akiba inaisha na maji yake yanatoka. Ndiyo zile kilo 3 zako za mwanzo, sehemu kubwa. Baada ya hapo ndipo mafuta yanaanza kutoka, na mafuta hayana haraka.

Wiki ya tatu, nimesimama kwenye daladala ya Mbagala, macho yakaingia giza. Konda ndiye aliyeniombea kiti. Nyumbani nako maziwa yamepungua: mtoto anavuta, analia, anavuta tena. Nesi kliniki akaniuliza jana nilikula nini, nikamtajia kwa fahari kabisa. Akanitazama: “Mama, unanyonyesha kwa mayai mawili na mchicha?”

Kunyonyesha peke yake kunakula kama kalori 500 kwa siku. Na kukata wanga kabisa ukiwa unanyonyesha si mchezo. Wapo akina mama waliolazwa kwa sababu damu yao ilijaa asidi. Ukianza kutapika, kuhema haraka na kuishiwa nguvu, usingoje kesho, nenda hospitali.

Sikurudi kwenye wali mlima. Nilirudisha wanga kidogo: kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha saa nne, na ugali wa dona usiozidi ngumi yangu mchana. Usiku samaki na mboga. Jirani yangu alikuwa anakwenda soko la samaki la Feri alfajiri, tunachanga hela, analeta vibua tunagawana. Matembele, bamia, nyanya chungu, parachichi likiwa bei nzuri. Maandazi na soda niliviaga. Kilichonishinda muda mrefu ni chai: vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na mimi naapa sili wanga!

Basi ikawa kilo moja kwa mwezi, mwezi mwingine hakuna kitu. Kuna kipindi nilikaa kwenye 76 miezi miwili mizima, nikipima kila asubuhi, siku inaharibika kabla sijanywa chai. Nikampelekea fundi sketi ya zamani aipanue. Akanipima kiuno, akafungua daftari lake: mara ya mwisho nilikuwa inchi 38, sasa 35. Kilo zilezile. Sketi haikupanuliwa, na mizani nikaanza kuikanyaga mara moja kwa mwezi. Kufika kilo 70 kulinichukua miezi 16. Mume wangu alishaacha kuuliza.

Hilo tumbo unalolilalamikia, usilihukumu kuwa mafuta moja kwa moja. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, papasa katikati kuzunguka kitovu. Ukikuta bonde linaloingia vidole viwili au zaidi, misuli imeachana wakati wa mimba. Hapo sanamaki haina kazi wala njaa haina kazi, muone mtu wa fiziotherapia akuonyeshe mazoezi yake. Na kama uchovu umezidi, unasikia baridi Dar hii hii wenzako wanatoka jasho, omba upimwe tezi ya shingo, huwa inasumbua baadhi ya wazazi baada ya kujifungua.

Sanamaki yenyewe inakupeleka chooni tu. Utashuka leo, kesho ukinywa maji uzito umerudi, na wewe ndiye unayehitaji maji kuliko wote humo ndani. Hela hiyo nunua vibua.

Hebu tuandikie ulichokula jana tangu asubuhi, na vijiko vya sukari uvihesabu. Halafu useme mtoto analowanisha nepi ngapi kwa siku, tujue kama maziwa yanamtosha.