Bukoba na Dodoma, mbona tofauti hivyo?

Hapana mkuu, kusema Dodoma kukame kwa sababu iko juu haiingii, Bukoba nayo iko kama mita 1,100 hivihivi. Kinachobeba Bukoba ni ziwa, upepo unatoka mashariki unavuka Victoria unabeba unyevu wote ule alafu unakuja kuumwaga pale magharibi, ndo maana mvua inafika kama milimita 2,000 kwa mwaka na migomba inasimama mwaka mzima na kahawa ya robusta chini yake. Dodoma inapata kama 600 hivi, tena msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo ni vumbi na mbuyu umepukutika majani.

Ila msiidharau bana. Zabibu inapenda ukavu, ugonjwa wa ukungu (fangasi) hauisumbui sana, wanavuna mara mbili kwa mwaka, hebu ipande Bukoba uone majani yatakavyooza. Na Dodoma maji yapo chini kwa chini, mji umekunywa visima vya Makutupora miaka na miaka.