Kitufe kinaandika "Imehifadhiwa", data haionekani

SWALI: Mimi ni mhasibu wa SACCOS ndogo hapa Morogoro. Tuna faili la Excel lenye fomu ya kuingizia marejesho ya wanachama. Naifungua kwa Ctrl+Shift+M, najaza, nabofya "Hifadhi". Siku nyingine inaingia vizuri. Siku nyingine ujumbe unatokea kwamba "Imehifadhiwa", lakini nikienda kwenye shiti ya Makusanyo sikuti kitu. Mweka hazina nilimtumia faili hilohilo kwa barua pepe, na kwake fomu haifunguki kabisa. Fundi ameruhusu makro zote (programu ndogo zinazokaa ndani ya mafaili) kwenye kompyuta yangu na kuiweka Office upya mara mbili, bila mafanikio. Kesho anakwenda kufanya hivyohivyo kwa mweka hazina. Msimbo wa kitufe, yaani maagizo yanayokiendesha, nimeuambatisha.

JIBU: Dada, mpigie fundi simu asiende.

Kila wiki napata swali la aina hii, na karibu kila mara kuna mtu ameshapita akaruhusu makro zote. Kwako hilo halikuwa na uhusiano wowote na ugonjwa. Excel ikizuia makro za faili, fomu haifunguki na kitufe hakijibu. Haizuii Jumatatu ikaachia Jumanne. Kwako fomu inafunguka, kitufe kinabofyeka na ujumbe unatokea, maana yake makro inafanya kazi tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kuiweka Office upya nako hakugusi msimbo, kwa sababu msimbo unakaa ndani ya faili lenu.

Tatizo lipo kwenye mistari hii mitatu uliyonitumia:

On Error Resume Next
Sheets("Makusanyo").Range("A" & mstari).Value = txtRisiti.Value
MsgBox "Imehifadhiwa"

Tuanze na wa pili. Ukiandika Sheets bila kutaja faili, msimbo wa fomu unaitafuta shiti hiyo katika faili lililo mbele wakati huo. Njia yako ya mkato ya Ctrl+Shift+M inaitika hata ukiwa umesimama kwenye faili jingine. Siku ambayo umefungua taarifa ya benki ukawa unalinganisha, kisha ukabonyeza njia ya mkato hapohapo, Excel inaitafuta "Makusanyo" ndani ya taarifa ya benki. Haimo. Hapo ingepaswa kusimama na kukuonyesha kosa namba 9, "Subscript out of range", nawe ungejua.

Lakini mstari wa kwanza umeiziba mdomo. Unaiambia: ukikwama popote, usiseme neno, ruka uendelee na mstari unaofuata. Basi inaruka, inafika kwenye MsgBox na kukuandikia "Imehifadhiwa". Mwanachama ameondoka na risiti yake mkononi, na deni lake kwenye kompyuta liko vilevile. Aliyeuweka mstari huo alitaka programu isisumbue watu kwa makosa. Kwenye hesabu za watu hilo ni kosa kubwa, na linaniumiza kila ninapolikuta.

Lipo la hatari zaidi. Kama kila mwezi mnanakili faili na kuanza jipya, faili la mwezi uliopita nalo lina shiti ya "Makusanyo". Likiwa ndilo lililo mbele, marejesho ya leo yanaandikwa humo na hakuna kosa lolote linalotokea.

Tiba ni fupi. Fungua msimbo kwa Alt+F11, futa On Error Resume Next, na kila palipoandikwa Sheets("Makusanyo") paandike ThisWorkbook.Worksheets("Makusanyo"), yaani shiti ya Makusanyo ya faili hilihili lenye msimbo. Pitia na mistari inayotafuta nafasi tupu ya kuandika, maana nayo huwa na kosa hilohilo. Kisha chagua Debug, halafu Compile, uone kama kuna kingine. Kujaribu, fungua faili la benki, lisimamishe mbele na uhifadhi risiti moja ya majaribio. Baada ya hapo kaa na vitabu vya risiti ulinganishe siku zote ambazo ulikuwa umefungua faili zaidi ya moja.

Kwa mweka hazina hali ni tofauti. Faili likipakuliwa kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp ya kwenye kivinjari, Windows huligonga alama kwamba limetoka nje, na tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili ya namna hiyo. Kama ni hilo, ataona mstari mwekundu juu ya shiti. Alifunge faili, alibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, achague Properties, aweke tiki kwenye Unblock, kisha OK. Ni faili hilo moja tu, ambalo mnajua limetoka kwenu.

Kuruhusu makro zote ni jambo jingine kabisa. Hapo hujalifungulia faili lako peke yake; umefungulia na ankara ya mtu usiyemjua na tangazo la zabuni lililokuja usiku. Makro inaweza kusoma mafaili yako, kuyafuta, hata kutuma barua kwa jina lako. Mwezi Machi 1999 makro moja ya Word iliyoitwa Melissa ilikuwa ikijituma kwa anwani 50 za kwanza katika Outlook ya kila aliyeifungua, na wapokeaji waliifungua kwa kuwa imetoka kwa mtu wanayemjua. Fundi anayechukua hela yako, akaondoa kinga hiyo na kuondoka bila kusoma hata mstari mmoja wa msimbo, hajatengeneza kitu. Amekuachia mlango wazi kwenye kompyuta yenye akiba za watu.

Na wengine mliofanyiwa hivyo, rudisheni leo: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Macro Settings, kisha chagua "Disable VBA macros with notification". Faili likikataa baada ya hapo, soma ujumbe linaokupa neno kwa neno na unitumie ulivyo, pamoja na msimbo.