Buluu ya Akali isigeuke nyeusi

Pole ndugu. Umesema unapaka rangi sanamu ndogo za Akali, wapiganaji wa Kisingasinga wavaao buluu, wa vita vya Masingasinga na Waingereza, 1845–46, na buluu yao huonekana nyeusi ukiwapanga mezani. Mkono wako hauna kosa. Kwenye sanamu ya milimita 28 rangi iliyokoza hugeuka giza kwa mbali. Anza na buluu hiyohiyo, kisha pitisha iliyopauka kidogo kwenye migongo ya mikunjo ya kilemba tu, brashi ikiwa karibu kavu. Pete za chuma za kilembani, chakram, ziache mwisho: nyeusi kwanza, fedha juu, mstari mmoja basi. Praima ya kopo, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, pulizia nje. Mimi nilipulizia chumbani, kichwa kikauma siku nzima. Sanamu zikiwa za madini ya risasi, nawa mikono kabla hujala, na watoto wasizichezee.